Visiki vya Mama Sechelela

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vyeupe. Vyeupe, jamani, Dodoma, mwezi wa upepo! Nilikuwa nimetoka kwetu Lushoto, ambako ukungu huamka kabla ya watu na miti huota hata juu ya paa la choo usipoangalia. Nilishuka stesheni na sanduku langu la bati, nikauliza kitalu cha miti cha mji kiko wapi. Kitalu ni mahali miche inapolelewa kabla ya kupelekwa kupandwa. Mama niliyemuuliza alinitazama viatu kwanza, akacheka, ndipo akanielekeza. Nilipofika vilikuwa vyekundu, na havikuwa vyeupe tena mpaka nilipovitupa.

Bwana Miti Mkuu, ndivyo alivyoitwa msimamizi wa kitalu wakati ule, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anajipepea kwa kofia. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Umetoka wapi, binti?"

"Lushoto, mzee."

"Ahaa. Basi utaniambia hapa hakuna kitu. Usiniambie leo. Niambie mvua ikishanyesha."

Wajukuu huniuliza, bibi, kazi ya miti ina hadithi gani? Ina hadithi moja, nami nitaifikia. Ni ya kilima kimoja kidogo nyuma ya mtaa, na ya mama mmoja aliyetaka azikwe kando ya mumewe. Kati ya kilima na yule mama palikuwa na ofisi, na ndani ya ofisi nilikuwemo mimi. Lakini siwezi kuanzia hapo. Ninyi vijana mmezoea kuruka video mkatazame mwisho. Mimi nitaenda kwa miguu.

Kazi ya kwanza niliyofundishwa ni kujaza viriba, ile mifuko myembamba ya plastiki ambamo tunaweka udongo wa juu, mchanga na samadi. Ya pili ilikuwa kukomaza miche. Mche ukishakua unaupunguzia maji kidogo kidogo, unauondolea kivuli, unakata mizizi iliyotoboa kiriba. Bwana Miti Mkuu alisema mche lazima ukasirike kwanza. "Mche usiokasirika ukiupeleka porini unakufa," alisema, kisha akatazama viatu vyangu. "Na watumishi ni hivyo hivyo."

Nikikumbuka miaka ile naiona kama ndoto ya mchana, ile unayoota umekaa kitini na kanga imekudondoka begani. Naona safu za miche, chamchela anapita katikati ya uwanja amebeba majani makavu, na yule mzee anaongea na mimea kwa sauti ya chini. Mvua iliponyesha hatimaye, Dodoma nzima ikawa kijani ndani ya siku chache tu. Miti niliyodhani imekufa ikatoa majani. Nikaenda nikamwambia, mzee, nilikuwa sijui. Akaitika tu, akaendelea kuchuja mbegu.

Baadaye nilihamishiwa Gulwe, upande wa Mpwapwa, kijiji kinachopitiwa na reli. Huko maji ya mafuriko yalikuwa yanakula tuta la njia ya reli, na sisi watu wa misitu tuliletwa kupanda nyasi na miti ya kushika udongo. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Njia, mtu mrefu aliyetembea huku anaangalia chini daima, hata kanisani. Siku moja nilisimama katikati ya mto mkavu naokota mbegu za migunga. Jua kali, mbingu safi.

"Bibi Miti!" akaniita kutoka juu. Jina hilo alinipa yeye, na likanifuata maisha. "Toka humo!"

"Kuna nini?"

"Huko milimani mvua imeanza tangu asubuhi. Maji yako njiani."

Sikuona wingu hata moja. Nilitoka kwa heshima tu. Nilipofika ukingoni nikasikia mlio, kisha maji mekundu yakapita na magogo pale pale nilipokuwa nimeinama. Nikakaa chini. Yeye akakaa kando yangu, akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Maji usiyapinge, na usiyape njia iliyonyooka. Yapindishe mpaka yachoke." Kwa lugha ya kazi, hayo ndiyo matuta ya kontua, yaani matuta yanayokatiza mteremko badala ya kuufuata.

Kutoka Gulwe nilikwenda Mtera, kwenye bwawa la umeme, kusaidia upandaji wa miti kando ya maji. Huko sikujifunza mengi ya kitaalamu, nilikuwa naota tu, nakiri. Miti iliyofunikwa bwawa lilipojaa ilikuwa bado imesimama ndani ya maji, imekufa miaka mingi, ndege wameketi juu yake, na asubuhi hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nilikuwa nakaa kwenye jiwe nikifikiri kwamba mti mfu waweza kusimama, ukamdanganya kila mtu. Na mti hai waweza kulala chini ya udongo, usionekane kabisa. Nilikuwa bado sijui mawazo hayo yatanifaa wapi.

Niliporudi Dodoma mji ulikuwa umekua, ukawa jiji. Wizara zimehamia, barabara zimepanuka, Chimwaga palipokuwa pori sasa wanafunzi wanapita na kompyuta mgongoni. Nikapewa kitalu chote nikisimamie. Juu yangu alikuwepo Mkuu wa Idara ya Mazingira, kijana kwangu kwa umri, shati limepigwa pasi hata Ijumaa jioni, mtu mwungwana. Siku ya pili tu akanikabidhi mzigo mwingine.

"Bibi Miti, tumeunda Kamati ya Ushauri ya wananchi. Wewe utakuwa katibu wake."

"Inashauri nini, Mkuu?"

"Mambo ya mazingira. Wao wanashauri, sisi tunaamua."

Basi hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina. Kamati ilikuwa na mwalimu mstaafu, mchungaji, mkulima wa zabibu, mwanafunzi wa chuo, na akina mama kadhaa wa mitaani. Tulikutana kwenye ofisi ya mtaa yenye paa la bati, tukanywa soda, tukajadili takataka, mbuzi wanaozurura, mchanga unaochotwa mitoni. Mimi niliandika muhtasari nikaupeleka Idarani. Unarudi umegongwa muhuri, na chini neno moja: Imepokelewa. Mwezi unaofuata vilevile. Imepokelewa.

Mwenyekiti alikuwa Mama Sechelela. Mgogo, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kiswahili chake alikiongea polepole, kama mtu anayechagua mchele, na hakukosea punje. Siku niliposoma neno lile kwa mara ya tatu akaniinulia mkono.

"Katibu, imepokelewa ikawekwa wapi?"

"Sijui, mama."

"Kwetu mgeni ukimpokea unampa kigoda, unampa maji, unamuuliza habari za alikotoka. Hii yetu mmeipokea mkaiacha mlangoni."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ila moyoni niliona aibu. Lakini msidhani kamati ilikuwa ya malaika. Mkulima wa zabibu aliwahi kushauri dampo lihamishwe kutoka mtaa wake liende mtaa wa jirani, akaona amelinda mazingira. Mjumbe mwingine alitaka mwarobaini mkubwa ukatwe kwa kuwa unaziba kibao cha duka la shemeji yake. Mkuu wa Idara alikuwa akisoma hayo anashika kichwa. "Bibi Miti," ananiambia, "nikifuata kila ushauri, jiji hili litahamia Singida." Naye alikuwa na haki yake.

Sasa kilima. Watu walikiita Mawe Mawili. Zamani kilikuwa na miti. Jiji lilipokua miti ikaenda kwenye mkaa, vikabaki visiki. Kisiki cha mgunga hakifi kirahisi. Mizizi iko chini, imeshiba, kila mwaka inatoa machipukizi, mbuzi wanakula, yanatoka tena. Akina mama wa mtaa ule, Mama Sechelela mbele, walianza kuvilea. Unachagua kisiki, unachagua machipukizi machache yenye afya, mengine unayakata kwa panga kali kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Huko ndiko kupogolea. Kisha unafunga kitambaa, kipande cha kanga kuukuu, ili mpita njia ajue kuwa hiki kina mwenyewe. Nilipopanda kule mara ya kwanza machipukizi mengine yalikuwa yamenipita kimo. Upepo ukivuma, vitambaa vile vya rangi rangi vilipepea mteremko mzima, na mimi, Bibi Miti mwenye cheti, nikasimama mdomo wazi. Kazi hiyo niliifahamu kwenye vitabu. Sikuwahi kuiona ikifanywa na watu walioipenda hivyo.

Chini ya mteremko kulikuwa na korongo, ufa mkubwa wa ardhi uliochimbwa na maji ya mvua, na kando ya korongo nyumba ya Mama Sechelela. Nyuma ya nyumba, kaburi la mumewe, limezungushiwa mawe. Alinikaribisha ugali wa uwele na mlenda, tukala tunalitazama.

"Kila kifuku korongo lilikuwa linasogea," alisema. Kifuku ndiyo majira ya mvua kwao. "Lilimeza zizi. Likameza njia ya kisimani. Tulipoanza kulea visiki likasimama. Mimi, Bibi Miti, sina maneno mengi. Siku yangu ikifika nataka kulala pale kando ya Baba Sechelela. Sasa korongo likimchukua, mimi nitalala na nani?"

Nilimega tonge jingine.

Haukupita muda mrefu, Mkuu wa Idara akaniita. Siku ya upandaji miti ilikuwa inakaribia, atakuja mgeni rasmi, na jiji limechaguliwa kuwa mwenyeji. Eneo lilikwisha kuamuliwa: Mawe Mawili. Kuna barabara nzuri, turubai litakaa chini, mteremko utaonekana wote.

"Lakini Mkuu, pale kuna miti."

"Pale kuna vichaka. Tutapasafisha."

"Kamati imeshauri pasiguswe. Nimeandika kwenye muhtasari."

"Na mimi nimeupokea." Kisha akapunguza sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Bibi Miti, nieleweshe. Mgeni rasmi atoke alikotoka, apigiwe ngoma, apewe koleo, apande nini? Kisiki?"

Mnalielewa kosa hilo? Tulitaka kung'oa miti ili tupande miti. Na hakuna aliyekuwa mjinga pale ofisini. Ni kwamba mche unaweza kuhesabiwa, unapigwa picha, unaandikwa kwenye ripoti. Kisiki kimejiotea chenyewe; nani atajisifia kwacho?

Na kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Miche iliyokuwa ipandwe pale ilikuwa yangu. Mijohoro, miarobaini, migunga, nimeijazia viriba kwa mikono hii, nimeikomaza, imekasirika vizuri. Nilikuwa naipenda kama watoto. Isipopandwa kifuku kile mizizi ingejisokota ndani ya viriba, ikaharibika. Nikatembea kati ya safu zake asubuhi, sijui niombe nini kwa Mungu.

Kwenye kamati nilipowaeleza, ofisi ya mtaa ilichemka. Mkulima wa zabibu akanielekezea kidole. "Bibi Miti, wewe ni wa kwao au wa kwetu?"

"Mimi ni wa miti!" nikafoka. "Huko naambiwa mama wa wananchi, huku naambiwa jasusi wa jiji. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndiyo mimi!" Nikatupa kalamu mezani. Mwanafunzi wa chuo akaniokotea. Mama Sechelela alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Vibarua walianza kusafisha kutoka upande wa mashariki. Walikata visiki vile usawa wa ardhi, wakarundika machipukizi pamoja na vitambaa vyake. Niliposikia nikakimbilia kule. Wafanyakazi walikuwa wanachimba mashimo ya miche kwa kufuata kamba, na kamba imeshuka wima kutoka juu mpaka chini, mstari kwa mstari, imenyooka kama mabweni ya jeshi. Mkuu wa Idara alikuwepo, anafuta vumbi viatu.

"Mkuu, mistari ikatize mteremko. Hivi unayachimbia maji mfereji. Nilikuwa Gulwe, nimeyaona."

"Ukikaa kwenye turubai, mistari ya kukatiza inaonekana imepinda," alinijibu. "Nimejaribu."

Na kweli alikuwa amejaribu. Alikuwa ameweka kiti pale chini, akakaa akatazama.

Siku ikafika na nusu tu ya mteremko imesafishwa, maana vibarua walishindwa na mawe. Nusu ya mashariki ilikuwa kipara chenye mashimo. Nusu ya magharibi ilikuwa bado na vitambaa vyake, ila turubai liligeuzwa ili isionekane sana. Ngoma zikapigwa. Mgeni rasmi akaja, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Utaratibu uliandaliwa na Idara yenyewe: mwenyekiti wa kamati, kwa niaba ya wananchi, atamkabidhi mgeni mche wa kwanza. Nilikuwa nimeuchagua mimi, mgunga mzuri kuliko yote.

Mshereheshaji akamwita. Mama Sechelela akatoka na kanga mpya, mkono mmoja ameshika mche wangu, mwingine panga.

"Mbukwenyi, mheshimiwa."

"Mbukwa, mama," akajibu mgeni, na watu wakapiga makofi kwa kuwa amejibu Kigogo.

"Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tunaumwa, na pa kuumwa pako nyuma ya hili turubai. Nitakupa mche wako. Lakini kwanza njoo unipogolee kisiki kimoja."

Mshereheshaji akakohoa kwenye kipaza sauti. Nikamwona Mkuu wa Idara anatafuta leso. Mgeni rasmi akalitazama lile panga, akatazama walinzi wake, akacheka kicheko kikubwa. "Nilichunga mbuzi mimi," akasema. "Twende."

Wakazunguka turubai, na sote nyuma yao, ngoma nazo zikafuata. Akasimamishwa mbele ya kisiki.

"Nikate wapi?"

"Hili na hili ni wezi, wanaiba chakula. Hili liache, ndiye mrithi. Kata kwenda juu, mheshimiwa. Juu! Unamchuna!"

Akakata. Jasho likamtoka, koti akampa mtu. Walipomaliza, Mama Sechelela akachana ncha ya kanga yake mpya, mpya jamani, mimi niliusikia mlio wake mpaka kwenye meno, akampa afunge. Picha zote za siku ile zilipigwa pale. Mche wangu alikuja kuupanda baadaye, kwa haraka, karibu asahau kuumwagia maji.

Kesho yake amri ikatoka: upande wa magharibi usiguswe. Na kwenye taarifa Mkuu wa Idara akaeleza kwamba Idara yake imebuni njia shirikishi ya kulea visiki. Nilimsomea Mama Sechelela, damu inanichemka. Yeye alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwache aseme. Kisiki hakiulizi nani amekitangaza."

Kisha kifuku kikaja. Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha mchana, nami nilikuwa kwa Mama Sechelela. Tulisimama mlangoni. Upande wa magharibi maji yalishuka yakisitasita, yakigonga visiki, yakizunguka. Upande wa mashariki yaliona mistari yetu. Yalishuka kwenye mashimo kama yameitwa kwa majina, yakaunganisha shimo na shimo, na miche yangu tuliyoipanda baada ya sherehe ikaja nayo, mizizi ikiwa wazi, majani yakielea. Nililia, siwafichi. Korongo likaamka. Kingo zikaanza kudondoka vipande vipande, likafika jikoni kwa Mama Sechelela, jiko likazama na mafiga yake na chungu cha mlenda juu yake. Yeye hakulitazama jiko. Alikuwa amelikazia macho kaburi, midomo inachezacheza.

Maji ya pande zote mbili yakija pamoja yangetosha kulichukua. Lakini yale ya magharibi yalichelewa kufika. Yalipofika, mvua ilikuwa inakwisha. Ukingo ukasimama kwenye mawe ya kaburi. Jiwe moja likadondoka. Mengine yakabaki.

Mkuu wa Idara alikuja asubuhi amevaa viatu vya mpira. Alisimama kwenye ukingo muda mrefu, akampa pole Mama Sechelela kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia.

"Bibi Miti, ile mistari... ulisema."

"Imepokelewa, Mkuu," nikamjibu.

Nilidhani atakasirika. Akatabasamu kidogo, akavua koti, akaomba jembe. Tulichimba kontua pamoja siku ile, yeye, mimi, vibarua, mkulima wa zabibu na mchungaji, na Mama Sechelela akitusimamia kwa ile sauti yake, akimwita Mkuu wa Idara "wewe kijana". Na kabla kifuku hakijaisha, katikati ya matuta yale, visiki vilivyokatwa usawa wa ardhi vilianza kuchipua tena. Vibarua hawakuwa wameifikia mizizi yake. Baadhi ya miche yangu nayo ilishika. Mijohoro ipo mpaka leo, nendeni mkaone, mizuri hasa.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Nilipewa godoro, saa ya ukutani na hotuba. Watu walidhani nitarudi Lushoto, na kweli huwa naota ukungu wake, ninaamka nikiwa nimejikunyata. Lakini nilijenga chini ya Mawe Mawili, karibu na Mama Sechelela. Mwaka uliofuata mtaa ukanichagua kuwa mjumbe wa Kamati ya Ushauri. Nikakaa upande wa pili wa meza. Katibu sasa ni binti mmoja mwenye kucha ndefu, mchapakazi, ananiamkia shikamoo kwa kupiga goti. Kikao changu cha kwanza akatusomea majibu ya Idara. Mnajua yalisemaje. Niliruka kitini, nikaongea mpaka dawa ya presha ikaishiwa nguvu. Mama Sechelela akanivuta kanga. "Kaa, Bibi Miti. Mkomaze kwanza huyo binti. Hajakasirika bado."

Kazi hizi zina nini cha kuwaachia ninyi mnaoanza? Sina falsafa. Mtaalamu anaona jiji lote na hauoni mlango wako. Wewe unauona mlango wako na huoni jiji. Wote wawili mna haki, na wote wawili mnachosha. Basi vumilianeni mkiwa mmesimama juu ya huo mteremko wenyewe, msivumiliane kwa mihuri.

Mama Sechelela alifariki kiangazi kilichopita, usingizini. Vijana wa mtaa walikwenda kuchimba kaburi kando ya mumewe, mahali alipopaonyesha yeye mwenyewe kwa kidole siku nyingi. Hawajafika mbali, sururu ikagonga mzizi mnene wa mkungugu, ndivyo Wagogo wanavyouita ule mgunga, umetoka kule kilimani ukapita chini ya korongo.

"Tuukate?" akauliza mmoja.

Waombolezaji wote wakanigeukia mimi. Nikasema hapana, sogezeni upande wa pili. Wakasogeza, wakakuta mwingine. Wakasogeza tena, wakilalamika kidogo, kuelekea kwenye yale mawe. Mwishowe nafasi iliyobaki ilikuwa ubavuni kabisa mwa mumewe, karibu kuliko alivyowahi kuomba, na hapo ndipo tulipomlaza.

Watu walipotawanyika nilikaa kidogo. Kisha nikaingia ndani nikachukua lile panga lake, nikachana kipande cha kanga yangu, nikapanda kilimani, maana ulikuwa mwezi wa kupogolea.